Simu Uliyoilaumu

Makindye, Kampala
Jumatano, mchana

Kaka yangu mpendwa Abdul-Latif,

Assalaam alaikum warahmatullah. Naomba barua hii ikufikie ukiwa na afya, na joto la Doha liwe limelegea kidogo, maana Ongom ametueleza jinsi mnavyosimama langoni kulinda mchana kutwa mpaka soli za viatu zinalainika. Sisi huku tunapumua. Mvua zimeanza, njia ya kupandia kwetu imekuwa utelezi mtupu, na bomba la jirani limepasuka tena, kwa hiyo maji tunayafuata kule chini karibu na kambi ya jeshi. Shekhe wetu anakusalimu, na kila mara anauliza lini utarudi kumsaidia kuezeka ule upande wa msikiti unaovuja. Mama anakusalimu pia. Habari zake nitazileta mbele, naomba unisome kwa utaratibu nilioupanga.

Rafiki yako Ongom alitufikia salama na tende na lile blanketi la kahawia. Alikaa, akanywa chai, akatusimulia mambo yenu mengi. Alipoinuka alisema anarudi kazini Jumapili, na kama nina kitu cha kukupelekea nimpe. Nilimwambia nitampa barua. Alinitazama kama mtu aliyesikia jambo la zamani, akauliza nani siku hizi anaandika barua na simu ipo mkononi. Nikamjibu kwamba simu yenyewe ndiyo inayonifanya niandike.

Kaka, najua bado una uchungu nami juu ya hiyo simu. Ulituma pesa na ukaeleza vizuri, tena mara mbili: iwe mpya, iwe ndani ya boksi lake, itoke duka linalotoa garantii, na kamera yake ionyeshe uso wa mama bila shida kila Ijumaa ukiwa mapumzikoni. Mimi nikanunua iliyokwisha tumika. Uliponiuliza sababu nikasema mpya zilikuwa ghali. Ulipouliza pesa iliyobaki imekwenda wapi, nikanyamaza. Mtu akinyamaza kuhusu pesa, mwenye pesa anajijazia mwenyewe, na wewe ulijijazia. Ule ujumbe wa sauti ulionitumia, ukisema nimekula jasho lako na kwamba baba angekuwa hai angeona aibu kuwa na binti kama mimi, ulinikuta nafua mashuka uani. Niliusikiliza mpaka mwisho, kisha nikaendelea kufua. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu ambalo nilikuwa na ruhusa ya kulitoa. Leo ninayo.

Aliyeniuzia simu anaitwa Wahabi. Ana kijiduka cha vioo ndani ya jengo moja karibu na soko la Owino, ghorofa ya juu, mahali ambapo mafundi wamebanana na kila mmoja anamwita mteja wa mwenzake. Yeye hakuniita. Nilimfuata mwenyewe kwa sababu alikuwa amekaa kimya. Alinieleza kwamba simu ile ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyebadilisha akaongeza pesa achukue kubwa zaidi. Alinionyesha mkwaruzo ubavuni kabla sijauona, akaweka laini yangu, akaipiga, akanipa niipige na mimi. Aliniandikia namba yake nyuma ya risiti, akasema ikinisumbua nisihangaike na fundi mwingine, niirudishe kwake.

Ijumaa za mwanzo uliona mwenyewe jinsi ilivyofanya kazi. Ulimwona mama amevaa gomesi lake la kijani, ukamtania juu ya lile pengo la jino, naye akakuamuru uzungushe simu aone kitanda chako na wenzako unaolala nao. Alifurahi sana kuona kwamba una shuka safi. Kisha ukungu ukaingia. Ukawa unamsikia vizuri lakini uso wake ni weupe mtupu, kama mtu aliyekaa nyuma ya mvuke wa sufuria. Uliniambia nipanguse kioo, nikasema nimepangusa. Uliniambia nigeuze kamera ya nyuma, nikageuza, nayo ikawa hivyo hivyo. Hapo ukaamua kwamba nimeuziwa takataka. Ukampigia Santo, mtoto wa mjomba, ukamtuma akamtafute huyo muuzaji.

Labda Santo hakukueleza alivyokwenda. Unaijua sauti yake. Alisimama mbele ya wateja wa Wahabi, akasema huyu anawauzia wanawake simu mbovu, huyu ni mwizi, ndugu yetu anaungua juani Uarabuni ili huyu anenepe. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameshika simu, anataka kulipa. Aliiweka mezani polepole, akaondoka. Mafundi wa jirani wakaanza kumcheka Wahabi, na tangu siku hiyo wanamwita Ukungu. Hayo yote sikuyajua mpaka alipokuja hapa nyumbani mwenyewe.

Alikuja Jumamosi moja kwa boda, na mkoba wake wa vifaa kifuani. Alikuwa ameuliza njia kwa Santo. Hakuja kwa ugomvi. Alisema tu kwamba amesikia simu ina kasoro na anataka kuiona kwa macho yake, kwa sababu alipoiuza haikuwa na kasoro hiyo. Nilijaribu kumwambia kwamba simu haipo, kwamba nimeiazima mtu. Wakati huohuo ikalia ndani. Nikaenda kuichukua, sikuwa na njia nyingine. Alikaa kizingitini, akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akapitisha ukucha juu ya kamera ya mbele.

Kaka, hapa nakuomba ukae chini kama umesimama.

Kwa ukucha ule alibandua kipande cha plasta. Ni ile plasta nyeupe ya karatasi, wanayobandikia sindano ya mshipani hospitali ili isichomoke. Nilikuwa nimekikata kidogo kwa mkasi wa cherehani, nikakibandika juu ya kamera, na kingine kwenye kamera ya nyuma. Wahabi alikitazama kile kipande kwenye ncha ya kidole chake kwa muda. Hakuniuliza kwa nini namfanyia hivyo. Alisema, "Dada, simu ni nzima. Mgonjwa ni nani?"

Mgonjwa ni mama.

Sasa nitakueleza ile siku ya kununua simu, yote kama ilivyokuwa. Tulikwenda mjini pamoja, mimi na mama, kwa sababu alitaka achague mwenyewe simu ya kuongea na Latifu wake. Alivaa vizuri, akachukua na tasbihi yake ya msalaba, akasema tukimaliza tutapanda Lubaga aingie kanisani kushukuru. Tulipokuwa tunapanda kutoka kituo cha teksi, alisimama, akashika ukuta, kisha akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, mbele za watu. Nilipomshika kwapani nimwinue, alipiga kelele. Mama yetu, Abdul-Latif, yule aliyenizaa mimi peke yake katika nyumba za kambi na jirani hakusikia. Nikamgusa tena taratibu juu ya gomesi, nikakuta uvimbe mgumu kwenye ziwa la kushoto, na mwingine kwapani. Alikuwa ameuficha kwa muda mrefu. Alikuwa anajifungia kuoga, nami nikadhani ni uzee tu.

Hatukufika kwenye duka la simu mpya. Tulikwenda kliniki ya karibu, na kutoka hapo wakatupeleka hospitali kubwa kwa vipimo. Pesa yako iliingia huko, kwenye picha na damu na kile kinyama walichokikata kwenda kukipima. Mama alikuwa analia barabarani, si kwa maumivu, analia kwamba tunakula simu ya mwanawe. Ndipo nikamwahidi kwamba simu ataipata. Iliyobaki ndiyo niliyompelekea Wahabi baadaye. Jasho lako, kaka, lilimpa mama majibu. Majibu yenyewe ni kansa.

Walimwanzishia dawa za mshipani. Alizivumilia. Nilifunga cherehani yangu sokoni, nikampa mwenzangu akae kwenye kile kibanda, kwa sababu kwenda hospitali, kusubiri foleni, kurudi, kutapika, kufua, kuchota maji na kupika uji ambao hataugusa ni kazi ya siku nzima, na siku inayofuata ni ile ile. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, akaniita. Akasema Ijumaa inakuja na Latifu asimwone hivyo. Nikamwambia wewe ni mtoto wake mkubwa na una haki ya kujua. Alikataa. Alisema, "Alikwisha kuacha shule kwa ajili ya baba yake. Sitaki aache na kazi kwa ajili yangu."

Sikuweza kubishana na neno hilo. Nakumbuka ulivyorudi kutoka bweni baba alipofariki, na sanduku lako kichwani, na hukurudi tena. Mama anakumbuka kuliko mimi. Alisema mkataba wako ukivunjika safari hii hakuna atakayekuchukua tena, na lile paa la nyumba yetu utakuwa umelianza ukaliacha. Kwa hiyo plasta ya kwanza niliibandika mbele ya macho yake, kwa amri yake, na tulipojaribu tukaona mimi ndiye mzimu kwenye kioo, alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu dawa zianze. Baada ya hapo kila Ijumaa kabla hujapiga alikuwa ananiuliza, "Umeniziba?" Nikijibu ndiyo, anakunywa chai ya tangawizi apate sauti, anajiegemeza ukutani, anakungoja. Wewe ulikuwa unasema mama sauti yako leo ina nguvu. Ukishakata simu alikuwa analala hadi jioni, hataki hata maji.

Kaka, nimechoka. Nakuandikia hilo bila kulipamba. Nimechoka mwili, lakini huo nimeuzoea. Kinachonimaliza ni zile Ijumaa, kukaa pembeni ya mama nikikusikia unamuuliza kama anakula, naye anataja samaki na mtama kama anasoma menyu ya hoteli, na mimi naitikia kwamba kweli anakula. Kisha unanigeukia mimi kwa ukali juu ya simu mbovu, na mama ananishika mkono chini ya shuka nisijibu. Sikukulaumu hata siku moja. Mtu aliye mbali anakamata kile anachoweza kukamata, nawe ulikamata simu.

Nirudi kwa Wahabi. Mama alisikia sauti ya mwanamume, akaomba aingie. Alimsalimu akiwa amelala, kichwa kimefungwa kitambaa, akamwambia, "Mwanangu, umetukanwa kwa sababu yangu." Wahabi alipiga goti pale mkekani, akasema hakutukanwa, ni maneno ya biashara tu, kila fundi anayapata. Walizungumza kidogo. Mama alimuuliza kwao ni wapi, na kama ana mama. Akasema alikuwa naye. Alipoaga, nilimsindikiza hadi barabarani, nikataka kumwambia kwamba nitamweleza Santo ukweli. Alinikataza. Alisema yeye mwenyewe atamwambia Santo kwamba kamera ina hitilafu na anangoja kipuri. Alipokwisha kupanda boda ndipo akasema neno ambalo limenifanya nikae niandike:

"Jina la mwizi nitalibeba, dada, si zito sana. Ila usinibebeshe mpaka siku ya mazishi. Huyo ndugu yako akija kujua siku hiyo, hatakusamehe wewe, wala simu, wala mimi."

Nililala na neno hilo kwa muda. Huenda ningelilalia zaidi, lakini Jumatatu tulikuwa hospitali, na daktari alituita ndani wote wawili. Ni msichana mdogo, mpole, anaongea taratibu. Alisema dawa za mshipani sasa zinamchosha mama kuliko zinavyouchosha ugonjwa, na kwamba wameamua kuziacha. Ametupa dawa ya maji ya kupunguza maumivu, anywe nyumbani, na namba ya muuguzi wa kumpigia. Nilimuuliza tunarudi lini kwa kipimo. Alisema si lazima turudi. Mama alielewa kabla yangu. Alimshukuru, akamuuliza kama ameolewa, akambariki.

Tulipofika nyumbani nilimlaza, nikamwambia kwamba nitakuandikia, na kwamba safari hii simwombi ruhusa, namjulisha tu. Nilidhani atakasirika. Alihesabu tasbihi, au labda aliishika tu. Kisha alisema, "Usimwambie aje. Na usimwambie asije." Ndiyo sababu katika barua hii hutaona nikikuita wala nikikuzuia. Mkataba ni wako, na mama ni wako. Mimi nimekwisha kuamua mambo mengi kwa niaba ya watu wengine na sitaki kuamua na hili. Ila ujue kwamba kama utakuja, yupo bado, anaongea, na akili yake ni ileile. Sijui itakuwa hivyo hadi lini.

Ijumaa hii barua haitakuwa imekufikia. Ukipiga nitakuambia mtandao ni mbovu, na utanisamehe, ni uongo wa mwisho. Ijumaa ijayo Ongom atakuwa amekwisha kukupa bahasha. Nitapokea, na utamwona. Jiandae. Amekonda sana mashavuni, ngozi imekuwa nyeusi kwenye vidole, na nyusi hana. Usimuulize kuhusu nywele. Usimuulize anakula nini, amechoka kututajia vyakula. Mweleze habari zako, za langoni, za yule Mnepali mnayegombania naye feni, hizo anazipenda. Kama utalia, sitakukataza, lakini mwache kwanza akuone vizuri, kwa sababu naye amekaa Ijumaa nyingi akikuona bila wewe kumwona, na kujifanya haoni unavyokodoa macho kumtafuta.

Jambo moja tu ndilo ninalokuomba. Namba ya Wahabi nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie wewe, kwa mdomo wako, usimtume Santo. Na ukiweza, mwambie Santo naye apande ile ghorofa, aseme mbele ya mafundi walewale, kwa sauti ileile, kwamba alikosea.

Leo asubuhi, nilipokuwa natafuta kalamu hii, mama aliniambia nimpe kioo cha ukutani, kile kidogo cha baba cha kunyolea. Nilikuwa nimekificha nyuma ya sanduku tangu nywele zimalizike. Nilisema sijui kilipo. Akasema kiko nyuma ya sanduku. Nikampa. Alifungua kitambaa mwenyewe, akajitazama taratibu, upande huu, kisha upande ule, akapitisha mkono kichwani. Nilikuwa nimesimama na sijui niangalie wapi. Mwisho akasema, "Nimefanana na mama yangu." Akanirudishia kioo, akajifunika miguu.

"Basi mwache anione," akasema.

Nakomea hapo, kwa sababu ameamka na anataka chai. Wasalimie wenzako wa chumbani, na Ongom umshukuru kwa mzigo huu ambao hajui uzito wake. Mimi nakuombea kwa dua zangu, mama kwa tasbihi yake, kama walivyokuwa wakifanya yeye na baba, kila mmoja upande wake wa chumba. Mungu akulinde huko uliko, akutie nguvu ya kutusoma.

Ni mimi dada yako asiyekuwa na kinyongo,

Sumayiya